Ndoa ya Bilinganya na Ndulele, na Jeshi la Viti Vyeupe

Sogeeni, nyote mliozoea kusimuliwa habari za majemadari waliovuka mito ya damu na wafalme waliong'oa milango ya miji. Zimeni redio. Anayekoroga chai akiache kijiko kizame chenyewe. Leo sisimulii habari za jemadari wala mfalme. Nasimulia habari iliyo kubwa kuliko hao wote, nayo ni habari ya tone. Tone la dawa lisilofikia hata chozi la sisimizi, lililodondoshwa juu ya kikonyo cha ua, na tunda likakataa kuanguka. Mtakaocheka, chekeni sasa, maana mbele ya safari kuna viti, na viti havina mzaha.

Hapo mwanzo palikuwa na koo mbili zisizopikika chungu kimoja.

Ukoo wa kwanza ulikuwa wa Bilinganya, binti wa bustani, mnono, mwenye ngozi ya zambarau inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, aliyelelewa kwa samadi na maji ya asubuhi, kipenzi cha masufuria yote. Lakini binti huyu alikuwa na siri ambayo wakulima waliijua na wauzaji waliificha: mwili wake haukuwa na ustahimilivu. Mnyauko, ule ugonjwa unaotembea ardhini bila viatu, ukimpitia tu, leo kasimama, kesho kalala, keshokutwa ni kuni. Ukoo wa pili ulikuwa wa Ndulele, mwana wa kando ya barabara, mchungu kama mkwe aliyekosa pa kukaa, mwenye miiba hadi kwenye majani, asiyetamaniwa hata na mbuzi aliyeshinda njaa. Huyo mnyauko ulimpita ukimwamkia shikamoo.

Mwenye akili yeyote angesema: waozeni hawa wawili, mtoto arithi unono wa mama na ukaidi wa baba. Wote waliliona hilo isipokuwa wahusika wenyewe. Chavua ya Ndulele, ule unga wa manjano ambao ndio mbegu ya kiume ya ua, ilipotua kwenye ua la Bilinganya, ilikuta mlango umekomewa kwa ndani. Na siku za nadra mlango uliposahauliwa wazi, mimba ikatungwa, mama mwenyewe alimkana mtoto: kikonyo kiligeuka njano, na kitunda kisichozidi punje ya mahindi kikaanguka chini, tap, kama kifungo cha shati kuukuu. Ndivyo ulivyokuwa ukuta kati ya koo zile. Haukujengwa kwa mawe, na kwa sababu hiyo haukuwahi kubomolewa kwa nyundo.

Mbele ya ukuta huo alisimama mwanamke mmoja, na jina lake la vita lilikuwa Mama Kibanio.

Ewe kalamu yangu, usitetemeke sasa! Mtaje kwa vyeo vyake: Mhasi wa Maua, Mshenga wa Mimea, Mwenye Mkono Usiotetemeka hata akipigiwa chafya. Alisomea kazi ya kuzalisha mimea, akapewa cheti kikubwa, akakitundika sebuleni, kisha akagundua kwamba silaha yake ya kweli ni kibanio kidogo cha chuma, alichokivaa shingoni kwa uzi kama wenzake wavaavyo dhahabu. Kila asubuhi aliingia kwenye nyumba ya nailoni iliyokuwa nyuma ya ofisi za taasisi ya utafiti, akalifungua tumba la ua kabla halijafunguka lenyewe, akazing'oa sehemu zake za kiume moja baada ya nyingine, kwa upole hata ua lenyewe lisijue limefanywa nini. Kisha alichovya brashi ya wanja katika chavua ya Ndulele, akalipaka ua lile, akalifunga uzi mwekundu ili ajue: hili limeolewa. Brashi ilikuwa ya kwake mwenyewe. Ndiyo maana hamkuwahi kumwona amepaka wanja.

Wala msidhani alitafuta sifa. Mama yake mzazi alikuwa na kijishamba cha mabilinganya nje ya mji, nacho ndicho kilichomsomesha mshenga wetu hadi cheti kile cha sebuleni. Sasa mnyauko ulikuwa umehamia humo, na kila msimu simu iliita.

"Mwanangu, yamelala tena."

"Yote, mama?"

"Kilichosimama ni sanamu la kufukuzia ndege."

"Pole, mama."

"Pole haioti, mwanangu. Hao wachumba unaowaozesha wamesemaje?"

"Bado hawajakubaliana kuoana."

"Basi waambie mimi nazeeka."

Hiyo ndiyo sababu. Wengine huenda vitani kwa ajili ya taji. Yeye alienda kwa ajili ya mwanamke aliyepanda akijua kwamba kitakachosimama ni sanamu tu.

Lakini hakuna shujaa asiye na adui, na adui wa Mama Kibanio hakuwa mdudu wala ukame. Alikuwa kiti. Kiti cheupe cha plastiki, chenye mikono miwili na mgongo wenye matundu, kinachobebana na wenzake mguu ndani ya mguu. Taasisi ile ilipenda mikutano kama mtoto apendavyo matope, na kwa kila mkutano viliongezwa viti, na kwa viti kuongezeka ikabidi iitishwe mikutano ya kujadili pa kuviweka. Mkuu wa majeshi hayo alikuwa Afisa Utawala, mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakata hewa, na watu walimwita Bwana Viti. Huyu aliitazama nyumba ya nailoni akasema: ina paa, ina mlango, na ndani mna majani tu.

Mara ya kwanza alileta mnara mmoja wa viti, akausimamisha nje ya mlango, "kwa leo tu." Mnara ule ulilala pale. Kisha ukaingia ndani, "kwa sababu ya vumbi." Kisha ukawaita ndugu zake. Asubuhi baada ya asubuhi Mama Kibanio alikuta jeshi jeupe limesogea, kimya, bila ngoma wala bendera, mpaka kona nzima ya nyumba ikatekwa na vyungu vya mimea vikasukumwa ukutani kama wakimbizi.

"Kaka," alisema siku moja, "viti vyako vinakunywa mwanga wa mimea yangu."

"Dada yangu," akajibu Bwana Viti akikishika kifua, "mimi na maua hatuna ugomvi. Lakini tuseme ukweli. Kiti ukikikalia, kinakubeba. Ua ukilikalia?"

"Ukilikalia ua langu, nitakunyanyua kwa kibanio hiki hiki, na sitauliza nishike wapi."

Bwana Viti alirudi nyuma hatua moja, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kauli nzito zilizotoka kifuani zikipitia tumboni, akatoa amri mbele ya wafanyakazi wote wakiwa wamekaa juu ya viti hivyo hivyo:

"Msimu huu ukiisha pasipo mbegu, nyumba ya nailoni itakuwa stoo ya viti. Nimesema, na nikisema nimesema."

Sasa sikilizeni habari ya dawa.

Mama Kibanio alijua kwamba Bilinganya hamtupi mtoto kwa ukatili. Anamtupa kwa kutoarifiwa. Mtoto wa kawaida akishatungwa humpelekea mama ujumbe, kwa lugha ya mimea ambayo wataalamu huiita homoni, akisema: nipo, nishike. Mtoto wa Ndulele hutuma ujumbe hafifu, mama hausikii, kikonyo kinalegea. Basi dawa ipo: homoni ile ile, iliyotengenezwa kiwandani, tone lake likiwekwa kwenye kikonyo linamwita mama kwa sauti kubwa badala ya mtoto. Mama anashika. Na akishika muda wa kutosha, huenda mbegu ikakomaa.

Kichupa cha dawa hiyo kilikuwemo katika friji ya stoo, na friji ilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia kiunoni mwa Shangazi.

Shangazi! Malkia wa stoo! Alikuwa shangazi wa damu wa dereva mmoja tu, lakini kwa heshima alikuwa shangazi wa jengo zima, akiwemo Mkurugenzi. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote: saa ya chai friji haifunguliwi. Baada ya chai, omba utakacho, utapewa. Wakati wa chai, hata nyumba ikiungua, utasubiri kikombe kiishe. Na maua ya bilinganya, kwa ushamba wao, yalikuwa tayari kupokea dawa saa ile ile birika lilipoanza kufoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo baada ya chai."

"Shangazi, ua haliwezi kusubiri."

"Kwani lenyewe linakunywa nini?"

Hapo Mama Kibanio alisimama katikati ya stoo, kati ya magunia ya mbolea na ndoo zilizotoboka, akanyanyua kibanio chake juu, akahutubu:

"Ewe mwenye funguo! Umelinda kichupa hiki kama simba jike alindavyo watoto, nami nakushukuru. Lakini simba akilinda hata dhidi ya mwenye watoto, huo si ulinzi, ni uchoyo! Kule nyuma kuna ua nililoliozesha kwa mikono yangu. Jua likisogea, kikonyo kitalegea. Kikilegea, viti vitaingia. Viti vikiingia, mama yangu atapanda tena mabilinganya ya kulala, na mimi nitamwambia nini? Kwamba yalikufa kwa sababu chai ilikuwa ya moto?"

Shangazi akapuliza kikombe chake taratibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unazungumza vizuri. Ungeolewa na Mkurugenzi." Akafungua ufunguo kiunoni bila kuinuka. "Sheria inasema mimi sifungui friji saa ya chai. Haikusema wewe usifungue. Ila ukigusa bakuli langu la maharage, mimi na wewe basi."

Mama Kibanio akaifungua friji. Akapita bakuli la maharage bila kulitikisa, akakishika kichupa baridi, akakimbia. Nani atakayesimulia mbio zile sawasawa? Alivuka ua wa taasisi, akamruka mbwa wa mlinzi, akapiga goti mbele ya chungu cha Bilinganya kama anayeomba uchumba. Akavuta dawa kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Akashika pumzi. Na tone, duara, angavu, lenye nyumba ya nailoni nzima imepinduka ndani yake pamoja na minara yote ya viti, likaning'inia kwenye ncha, likafikiri kidogo, likashuka. Likakaa juu ya kikonyo. Likanyweka.

Aliyarudia hayo kila asubuhi kwa kila ua lenye uzi mwekundu. Mengi yaliangusha matunda yao vilevile, tap, tap, maana hata dawa hailazimishi kila moyo. Lakini moja halikuangusha. Kitunda chake kilikuwa cha kijani, kidogo kama ushanga, na kila alipokitazama alikuta kipo.

Siri ya namna hiyo haikai ndani ya nailoni. Ilimfikia Mkurugenzi, na siku ile ile alikuwa amepata habari nyingine: wageni wakubwa wanakuja, wale ambao hutazama, hutikisa kichwa, kisha huamua taasisi ipewe fungu au isipewe. Akaja mwenyewe, Bwana Viti nyuma yake.

"Mama Kibanio, nasikia dawa yako inatia matunda."

"Inashikilia matunda, Mkurugenzi. Haitii."

"Tofauti yake?"

"Dawa hii hushika mimba, haitungi mimba. Ukiiweka kwenye ua lisilopata chavua, litavimba tunda zuri, ndani hamna kitu. Na haya mengine yote nimekwisha kuyahasi, yanangoja chavua."

Mkurugenzi akayatazama maua yale yaliyongoja, mengi, kila moja na nafasi yake ya kuwa tunda. Akatabasamu.

"Wageni watakuja na macho, hawatakuja na visu," alisema. "Na wewe umechoka. Nimekuandikia uende semina."

"Semina ya nini?"

"Matumizi Bora ya Muda. Ni ya muda mrefu."

Hivyo ndivyo shujaa wetu alivyotekwa, si kwa panga bali kwa semina, akapelekwa mbali, akakalishwa juu ya kiti cheupe cha plastiki wiki baada ya wiki, akifundishwa namna ya kutopoteza wakati.

Yaliyotendeka nyuma yake nayaeleza kwa haraka, kama mtu apitavyo kando ya jalala. Mkurugenzi alimwomba Shangazi kichupa, na alikiomba baada ya chai, na Shangazi akafungwa na sheria yake mwenyewe, akakitoa. Wakakimimina kichupa ndani ya bomba la kupulizia dawa shambani. Wakapuliza kila ua. Kisha Bwana Viti, ambaye alikuwa na jicho kali la unadhifu, akasema nyuzi zile nyekundu zinafanana na mambo ya uganga, wageni watafikiri taasisi inapiga ramli. Akachukua mkasi. Akapanga vyungu upya, vizuri mbele, kwa kimo, kama wanakwaya.

Mama Kibanio alirudi siku ya wageni yenyewe. Akafungua mlango wa nailoni, akadhani amekosea nyumba. Mabilinganya! Makubwa, meusi ya zambarau, yaning'inia kila upande yaking'aa kama vichwa vilivyopakwa mafuta! Na katikati yao, viti vyeupe, safu kwa safu, na juu ya viti wageni, na mbele ya wageni Mkurugenzi, akiwa amekwisha kuanza.

"...kwa hiyo mnachokiona, waheshimiwa, ni watoto wa Ndulele! Ukuta umeanguka! Koo mbili zimekuwa moja!"

Makofi. Mama Kibanio akapenya hadi kwa Shangazi, aliyesimama mlangoni na kikombe chake.

"Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Waliniomba dawa baada ya chai, mwanangu," Shangazi akanong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ufunguo. "Ningesemaje?"

Akatazama huku, akatazama kule. Tunda lake la kweli lilikuwa humo, au lilikuwa limeanguka, na hapakuwa na uzi wa kumwambia. Hata sura yake hakuijua. Aliliacha likiwa ushanga, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeliona tunda la ndoa ile likikua.

Ndipo mgeni mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliponyosha mkono.

"Mkurugenzi, hongera. Naomba kuona mbegu."

"Mbegu?" alisema Mkurugenzi, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani.

"Ndiyo. Mtoto ni mbegu. Tunda ni nguo tu."

Kikaletwa kisu. Mkurugenzi akachuma bilinganya nono kuliko yote, akalipasua kwa ishara ya ukombozi. Ndani palikuwa peupe tupu, laini, bila hata alama ya mbegu.

"Godoro," alisema mgeni.

"Hilo ni... hilo lilikuwa la mfano."

Akapasua la pili. Godoro. La tatu, la nne, na mengine nyuma yake. Kisu kilipanda na kushuka, vipande vikaruka, Bwana Viti akaokota vipande kwa sababu hakuvumilia uchafu, na mashati yaliyopigwa pasi yakaanza kulowa. Enyi mlioshuhudia vita vikubwa, mliwahi kuona machinjo ambamo hakuna hata mmoja aliyekuwa hai kabla ya kuchinjwa? Ndivyo ilivyokuwa. Mabilinganya yalilala chini chungu nzima, na mgeni mkuu alikuwa ameshavua miwani yake na kuanza kuikunja kamba, dalili ya mtu anayeondoka.

"Basi," akasema Mkurugenzi kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumrushia mzigo, "msimu umekwisha, na Mama Kibanio hana mbegu. Nyumba hii..."

"Subiri."

Mama Kibanio hakuwa akimtazama Mkurugenzi. Alikuwa akimtazama Bwana Viti, pale alipoinama na kipande mkononi, akitafuta pa kukificha. Na ghafla alielewa moyo wa mtu yule, kama jemadari auelewavyo mlima. Mtu anayekata nyuzi kwa sababu hazipendezi, angefanya nini na tunda lisilopendeza? Mama Kibanio mwenyewe alikuwa akilitilia tunda lake tone dogo tu, la kutosha kushikilia. Haya manono yalikuwa yameogeshwa dawa. Tunda lenye mbegu chache, lililoshikiliwa kwa tone, lisingeweza kuwa zuri.

"Kaka," aliuliza taratibu, "ulipopanga vyungu, kuna kilichokuchukiza?"

Bwana Viti akanyooka. "Kimoja, dada. Kilikuwa na kitunda kimepinda, kama kidole kilichopigwa nyundo. Kingetuaibisha."

"Ulikitupa?"

"Situpi mali ya ofisi." Akaonyesha kwa kidevu. "Nilikiweka nyuma ya viti vya akiba."

Kule kwenye kona minara ya viti ilikuwa imefika darini.

Sasa nyanyukeni, wasikilizaji, maana hapa hapasimuliwi kwa kukaa! Mama Kibanio alivua viatu. Akaukabili mnara wa kwanza, akaukumbatia kiunoni, akauyumbisha, ukalia krrr kama mamba, ukaanguka upande. Akauvamia wa pili, ukambana kidole, akautukana kwa sauti iliyowafanya wageni watazame dari. Wa tatu ulimwangukia, akapotea chini ya miguu myeupe, watu wakashika vinywa. Kisha mkono ukatokea, na mkononi kibanio, na nyuma ya mkono mwanamke mzima mwenye nywele zimesimama. Viti vilibingirika hadi kwenye miguu ya wageni. "Taratibu, dada, vitavunjika mikono!" alilia Bwana Viti, na kilio chake kilikuwa cha kweli, kama cha mzazi.

Nyuma ya mnara wa mwisho palikuwa na chungu kimoja. Mmea ulikuwa umepauka kwa kukosa jua na kupinda shingo kuelekea tundu dogo la nailoni. Kwenye tawi lake kulikuwa na kitunda kifupi, cha njano, kilichopinda. Na kwenye kikonyo chake, pale ambapo mkasi wa Bwana Viti haukufika, palikuwa na fundo dogo la uzi mwekundu.

Hakukichuma. Alikigusa tu, kikaachia chenyewe, kwa kuwa wakati wake ulikuwa umetimia.

Alikipasua mbele ya mgeni mkuu, kwa wembe, taratibu. Ganda la kwanza la mbegu lilikuwa bapa, tupu. La pili tupu. Akafunua nyama kwa kibanio. Tupu. Mkurugenzi akakohoa. Akafunua tena, chini kabisa, karibu na kikonyo, akasimama. Akaingiza ncha, akabana, akanyanyua.

Ilikuwa mbegu. Nene, kavu, ya rangi ya asali, imejaa hadi ukingoni.

Kisha Mkurugenzi, ambaye alikuwa amepasua ghala zima la mabilinganya bila kupata hata ganda, akaitazama mbegu ile, akavuta midomo.

"Moja tu?"

Mama Kibanio alimgeukia.

"Mkurugenzi, siku uliyozaliwa wewe, mlizaliwa wangapi?"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mgeni mkuu, kikawashika wengine kama moto wa nyasi, na katika kucheka wote wakasimama, na viti vikabaki vitupu. Mkurugenzi akanyanyua mkono kutaka kauli nzito, lakini Shangazi alimtangulia, kutoka mlangoni, bila kuweka kikombe chini.

"Ulisema 'pasipo mbegu', Mkurugenzi. Mbegu ipo. Hukusema ngapi. Nilikuwepo mimi."

Kwa kuwa alikuwa amesema, na akisema amesema, amri ilimgeukia. Viti viliondolewa alasiri ile ile. Bwana Viti alivibeba mwenyewe, na kwa kukosa pengine pa kuviweka viliingizwa ofisini kwa Mkurugenzi, ambamo hadi leo mwenye ofisi hupita ubavu-ubavu kuifikia meza yake, akiwahutubia wageni kwa kichwa tu.

Mama Kibanio alipiga simu.

"Mama, imesimama."

"Nini?"

"Mbegu. Ya wale wawili. Moja."

Upande wa pili wa simu kuku walisikika wakilia.

"Msimu mzima hukuja kuniona, kwa ajili ya mbegu moja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda kaipande, unaniongelesha nini?"

Akaipanda. Ikaota, si haraka. Ilipokomaa kidogo akainama kuikagua, akapitisha kidole juu ya jani. Lilikuwa pana na laini, jani la mama mtupu. Alipogeuza upande wa chini alichomwa, akavuta mkono. Katikati ya mshipa wa jani ulikuwa umesimama mwiba mmoja mdogo, mkali, wa baba.

Basi waambieni watoto wenu, na watoto wenu wawaambie wao, kwamba ukuta uliosimama tangu mimea ianze kuchagua wenzi ulivukwa ndani ya nyumba ya nailoni, nyuma ya ofisi, kati ya stoo na choo cha wageni. Na wakiwauliza ni damu kiasi gani iliyomwagika katika vita vile, msiongeze chumvi. Lilikuwa tone moja, kwenye ncha ya kidole cha mshenga, naye alilitazama akicheka mpaka Shangazi akatoka stoo, katikati ya chai, kuja kuuliza kuna nini.